Fundi wa Tumbo la Gari

Alikuwa hapendi kusalimiwa akiwa chini ya gari. Ukimkuta kalala chali, miguu tu ndiyo imetokeza, ukasema shikamoo, hujibiwi. Unarudia mara ya pili, ya tatu, ndipo unasikia sauti kutoka huko chini: "Sijafa. Subiri." Wateja wapya walikasirika, hasa wale wakubwa wa maofisini waliozoea kuitikiwa kabla hawajafunga mlango wa gari. Mimi sikuwa mkubwa wa chochote, nilikuwa karani niliyepunguzwa kazi, lakini siku ya kwanza nilikasirika vilevile.

Tulimwita Fundi, basi. Dodoma ilikuwa na mafundi tele, wa injini, wa umeme, wa rangi, ila ukisema "peleka kwa Fundi" bila kuongeza neno, madereva wa magari ya porini walijua unamsema nani. Kazi yake ilikuwa kutu. Injini hakugusa. Gari likija linatoa moshi mweusi alikuwa akisema, "Hiyo homa, wapelekee watu wa homa. Mimi ni wa mifupa."

Nilimpata katika ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na maofisi yakaanza kumwaga watu. Niliwachapia wenzangu barua za kuwapunguza, wiki nzima nachapa, na siku ya mwisho nikachapa ya kwangu. Kile nilichopewa kwa miaka yote ya kukaa mbele ya taipureta nilikitia chote katika landrova kuukuu ya ofisi iliyopigwa mnada. Nilikuwa naijua kwa karatasi tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naiandikia safari zake. Dereva wake, Yona, naye alikuwa amepunguzwa, kwa hiyo nikamchukua pamoja na gari. Tungebeba watu na mizigo kwenda Kondoa na vijiji vya njiani. Mume sikuwa naye tena, watoto walikuwa watatu, na gari lile ndilo lililokuwa shamba langu, ng'ombe wangu na mshahara wangu.

Yona ndiye aliyesema tupite kwanza kwa Fundi. Niliona ni kupoteza siku. Gari lilikuwa linang'aa.

Fundi akatoka chini ya gari la watu wengine, mrefu, mkavu, kofia ya kitambaa imelowa oili mpaka imesahau rangi yake, akaniangalia mimi kabla ya gari. Nikamwambia hapa Dodoma ni kukavu, kutu ni ugonjwa wa pwani. Alichukua kinyundo kidogo, akaingia chini, akaanza kugonga chasisi, yaani ule mhimili mrefu wa chuma uliobeba gari zima. Ngi, ngi, ngi. Chuma kizima kinalia. Akasogea kuelekea nyuma. Ngi, ngi, halafu du. Akarudia palepale, na nyundo ikaingia ndani.

"Umenitobolea gari!" nikapiga kelele.

"Nimekuonyesha tundu," akasema. "Waliolitoboa ni wengine."

Nilimchukia papo hapo. Baadaye alinieleza, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba bodi ya landrova ni ya bati jepesi lisiloshika kutu, na ndiyo maana gari linaweza kung'aa juu huku chini limekwisha. Kuhusu ukavu wetu alikuwa na hasira za pekee. Masika gari linavuka makorongo, tope linaingia ndani ya chasisi na kuziba vile vitundu vya kutolea maji. Kiangazi kinakuja, nje kunakauka, ndani kunabaki kubichi miezi na miezi. Pwani angalau wanaogopa kutu, wanaitafuta. Sisi tunalala, alisema, kwa sababu vumbi letu linatudanganya.

Kazi yake ilikuwa ndefu na ya kuchosha hata kuitazama. Alikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kilichooza kidondoke chenyewe. Alikata, na alikuwa akikata zaidi ya pale mwenye gari alipotarajia, mpaka afike kwenye chuma cheupe. Zamani, bidhaa zilipokuwa hazionekani, alikata viraka katika vipuri vya matrekta yaliyokufa. Akishachomelea anapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili, anaacha ikauke kwa siku zake. Vile vitundu alivizibua kwa spoku ya baiskeli, kimoja kimoja, akipuliza kwa mdomo na kusikiliza. Mwisho anamimina ndani ya chasisi oili safi aliyoipasha moto pamoja na grisi. Madereva wengi walikuwa na mtindo wa kumwagia oili chafu chini ya gari lote, juu ya tope lake, na kujisifu kwamba wamelikinga. Akimkuta mmoja wao alikuwa anacheka kicheko kibaya. "Kutu ilikuwa inasikia baridi," anasema, "umeinunulia koti."

Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa imeoza. Nasema kweli, ilikuwa haina rangi hata mahali pa kuweka kidole, na mnyororo unalia kuanzia Majengo unausikia. Paa la kibanda chake cha kazi lilikuwa na matundu, mvua ikinyesha anahamisha mitungi ya gesi kutoka kona hii kwenda ile. Nilimtania siku moja, nikamwambia Fundi, hebu jitengenezee na wewe. Akasema baiskeli ikivunjika anaanguka mtu mmoja, na huyo mmoja anamjua.

Alikuwa hatoi gari ambalo hajaridhika nalo. Bwana mmoja wa wilayani, mwenye suti ya Kaunda na kalamu mbili mfukoni, alikuja kuchukua gari lake kabla rangi haijakauka kwa sababu alikuwa na mkutano Manyoni. Fundi alilegeza nati, akatoa gurudumu la nyuma, akalilaza chini, akalikalia. Akaagiza uji. Yule bwana alitukana, akataja majina ya watu, akatishia polisi, na Fundi anapuliza uji wake. Tulikuwa kama watu kumi pale na hakuna aliyethubutu kucheka. Gari liliondoka keshokutwa yake.

Lakini niseme na la upande wa pili, maana watu wakishamkumbuka mzee hupenda kumpaka sukari. Fundi alikuwa mgumu kwa watu wake mwenyewe. Sharti lake lilikuwa kila gari lije na mapipa mawili ya maji ya kuoshea tumbo lake, yaani upande wa chini, kabla hajagusa chochote. Yeyote aliyeishi Dodoma anajua maana ya mapipa mawili. Tulikuwa tunaosha bodi kwa kitambaa na nusu ndoo, na tumbo halikuoshwa na mtu. Mwaka mmoja wa ukame bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji saa mbili kwa siku, foleni ya ndoo inazunguka nyumba nne. Siku moja gari lililokuwa pale lilikuwa langu. Yona alikuwa amepata maji kwa toroli kutoka mbali, na Fundi alikuwa anayarusha chini ya chasisi kwa kopo, maji mekundu yanakimbia mtaroni.

Wanawake wa foleni wakaja. Mmoja akasema, "Mzee, watoto wetu hawajanawa uso tangu juzi, wewe unaogesha chuma?" Wengine wakapokea, kelele ikapanda, mtu akapiga teke pipa. Nikajiona mwizi. Kisha nikamwona mke wa Fundi amesimama nyuma yao na ndoo tupu, anamtazama mumewe tu. Fundi naye alimwona. Alisimama na kopo mkononi kwa muda ambao mimi nilitamani uishe.

"Gari hili kesho linakwenda Kondoa na watu kumi na wawili," akasema, akachota tena.

Mkewe aliondoka na ndoo yake tupu. Yona aliniambia kwamba Fundi alikula mihogo ya kununua siku tatu. Mimi nilipeleka ndoo mbili nyumbani kwake kimyakimya, mama yule akazipokea na kunifungia mlango usoni. Sikumlaumu. Mpaka leo sijui kama Fundi alikuwa na haki siku ile, na nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Mimi nami nilimwongopea. Alikuwa amenikataza kubeba chumvi. Huku kwetu kuna wanaochemsha udongo wa magadi upande wa Bahi, wanapata chumvi ya kijivu, na kiangazi ilikuwa na wateja wengi Kondoa. Chumvi yenyewe ni mbichi, inachuruzika kupitia magunia, inapita kwenye sakafu ya gari na kushuka kwenye chasisi. Fundi alisema, "Karani," ndivyo alivyoniita miaka yote, "beba mahindi, beba mbuzi, beba hata maiti. Chumvi hapana." Nikaitika. Halafu mwaka huo abiria wakapungua, mabasi mapya yakaanza kwenda Kondoa na kuendelea Babati, na abiria wakayafuata. Nikabeba chumvi. Nilitandika turubai chini ya magunia nikajiambia inatosha.

Nilipompelekea gari kwa ukaguzi alipitisha kidole juu ya chasisi, akakitia mdomoni. Akatema.

"Mmebeba chumvi."

"Hatujabeba," nikasema. Yona akaangalia viatu vyake.

"Karani, chuma hakina sababu ya kunidanganya."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Sijasema. Umesema wewe."

Nilimjibu vibaya, maneno ambayo mtu hamwambii mtu wa umri ule. Nilimwambia ameshiba, anaweza kuchagua mizigo ya wenzake. Nilimwambia hana watoto watatu wanaomsubiri na sahani. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akajifuta, akasema nikiwa tayari kulikata nilirudishe bado mapema, pameanza kuoza kiasi cha mkono mzima upande wa kulia nyuma. Nikaondoa gari kwa hasira. Sikurudi kwake kwa karibu miaka miwili.

Kutorudi kulikuwa rahisi wakati huo, kwa sababu walikuwa wamekuja mafundi wa pati. Makopo ya pati yalijaa madukani, ule uji mzito unaokandika tundu, unakauka mgumu, unapigwa msasa na rangi juu yake, na jioni gari limekuwa jipya. Vijana walikuwa hodari, wanaongea vizuri, wanakupa kiti na soda. Kwa Fundi hakukuwa na kiti. Watu walihama mmoja mmoja, na kibanda chake kikawa na gari moja au hakina. Nilipita pale mara kadhaa nikiwa upande wa pili wa barabara, na nilimwona amekaa kwenye kigogo, mkono juu ya macho. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeanza kumla macho, watu walisema. Sikuvuka kwenda kumsalimia. Hilo linaniuma kuliko maneno niliyomtolea.

Landrova yangu ikawa inatoa mlio kila ikivuka korongo. Yona alisikia mapema kuliko mimi. "Mama, nyuma kunapinda," aliniambia, "mzigo ukiwa mzito mlango haufungi." Nilimwambia apunguze mwendo. Siku nyingine akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba atalima msimu huo kwao, na ufunguo akauweka juu ya meza. Nilijua maana yake. Niliingia chini ya gari mwenyewe, nikiwa na kanga kichwani, nikaona. Upande wa kulia nyuma, kiasi cha mkono mzima, chasisi ilikuwa imekuwa magamba. Ukiminya yanaanguka.

Nikaamua kuuza. Dada mmoja wa Msalato alikuwa ananingoja tushirikiane mashine ya kusaga, na alikuwa ameshaniambia hangoji tena baada ya mwezi ule. Gari likikatwa na kutengenezwa kiukweli, mwezi ungekwisha na kile kidogo nilichobakiwa nacho kingekwisha pia. Likiuzwa lilivyo, ni chuma chakavu. Basi nikalipeleka kwa kijana wa pati. Alizungushia bati la kopo, akakandika, akapiga lami nyeusi chini kote, ikawa inameremeta. Nilimtazama anavyofanya na nilinywa soda yake. Naandika haya wazi kwa sababu hakuna aliyenidanganya, na nilijua.

Mnunuzi alikuja kutoka Kondoa, mfanyabiashara mpole, kanzu safi, mwenye mpango wa kupeleka watu kwenye minada ya vijijini. Alilipenda gari. Alilizunguka, akaliwasha, akatabasamu. Halafu akanigeukia.

"Dada, mimi chuma sikijui. Marehemu baba alikuwa akisema Dodoma kuna mzee mmoja wa kutu. Tukamwone kidogo tu, nikaridhike."

Ningekataa kwa kisingizio gani? Nilikaa kando yake njia nzima, naomba kibanda kiwe kimefungwa.

Hakikuwa kimefungwa. Alikuwa amekaa kwenye kigogo chake, amekonda zaidi, macho yana ukungu. Nikasema shikamoo Fundi. Safari hii alijibu haraka. "Marahaba, Karani." Alikuwa amenitambua kwa sauti, au kwa mlio wa gari, sijui. Mnunuzi akamweleza shida yake. Fundi akasimama, akashika ubavu wa gari na kulifuata kwa mkono mpaka nyuma, akalala chini taratibu, kwa kutafuta ardhi kwanza kwa kiganja. Akaingia.

Hakugonga. Nilisubiri mlio, haukuja. Niliona mkono wake tu unapapasa lami, unakwenda, unakwenda, unafika pale. Ukatulia. Jua lilikuwa linachoma na mimi nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono yote miwili.

Alitoka akajikung'uta. Mnunuzi akauliza, "Mzee, vipi?"

"Macho yangu mabovu," akasema Fundi. "Mwenye gari ndiye anayelijua. Muulize yeye."

Mnunuzi akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kuambiwa kweli.

"Liko vizuri," nikasema.

Fundi akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameridhika. "Vema. Unarudi Kondoa leo?" akamuuliza mnunuzi.

"Tukimalizana na dada, leo hiihii."

"Nina ndugu yangu huko sijamwona miaka. Nipe nafasi nyuma."

Hapa lazima nieleze jambo. Mtu huyu hakuwa anapanda magari. Katika miaka yote niliyomjua sikumwona ndani ya gari hata moja, hata lile alilolimaliza kwa mikono yake. Wateja walipomwambia apande wakalijaribu pamoja alikuwa akikataa, na alipozikwa shemeji yake Buigiri alikwenda kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli. Yona aliwahi kuniambia kwamba mzee anaogopa, anajua mno kilichoko chini. Sasa alikuwa anafungua mlango wa nyuma wa landrova yangu, anapapasa benchi, anakaa upande wa kulia.

Mnunuzi alifurahi kupata baraka ya mzee safarini. Akapanda, akawasha, akasema tupite benki kisha yeye na mzee washike njia. Mimi nilikuwa bado nimesimama chini. Fundi alikuwa amenyoosha mgongo, mikono imeshika chuma cha benchi kwa nguvu zote, anatazama mbele ambako hakuwa anaona kitu. Niliiona mashine ya Msalato. Niliona watoto wangu. Niliona makorongo ya njia ya Kondoa, lile refu hasa, na gari linashuka.

"Fundi, shuka," nikasema.

"Kwa nini?"

"Shuka tu, tafadhali."

"Nimeshakaa, Karani. Kwa nini?"

"Limeoza."

"Mwenzako hajasikia, injini inaunguruma."

Nikasema kwa sauti. Nilisema limeoza nyuma kulia, nilibeba chumvi, na nimelipaka pati wiki iliyopita, na nilikuwa najua. Watu wa kibanda cha jirani waligeuka. Mnunuzi akazima gari. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alishuka, akakunja kanzu yake vizuri, akampa Fundi mkono wa kwaheri, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi bila kunitazama tena. Mashine ya Msalato aliipata mtu mwingine, na bodi ya landrova hatimaye ilinunuliwa na wasubu sufuria, wale wanaoyeyusha bati.

Lakini hayo ni ya baadaye. Saa ile tulibaki wawili, yeye juu ya benchi na mimi chini. Alijaribu kuteremka akashindwa, jasho limelowesha ukingo wa kofia. Nilimpa bega. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimkalisha kwenye kigogo nikakaa chini kando yake.

"Ungeniacha niende?" akauliza.

Nilitaka kumwambia hapana, Fundi, hata siku moja. Lakini nilikuwa nimeshaongopa vya kutosha mbele ya mtu yule.

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi sikujua," akasema, akavua kofia akajifuta jasho.